Barua ya wazi kwa Bodi ya shule yetu: tufungulieni chumba cha kompyuta

Malindi

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya shule,
Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,
na wanabodi wote.

KUH: KUFUNGWA KWA CHAMA CHA KOMPYUTA CHA JUMAMOSI

Waheshimiwa,

Nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ndiye fundi wa simu na kompyuta niliyekuwa nikija shuleni kila Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, kukaa na watoto wa Gredi ya 7, 8 na 9. Silipwi na sijawahi kudai malipo. Kuhusu jambo hili nimekwisha kuwaandikia barua tatu. Ya kwanza niliiacha kwa karani. Ya pili nilimkabidhi Mwalimu Mkuu mkononi. Ya tatu niliipeleka nyumbani kwa Mwenyekiti baada ya sala ya Ijumaa. Nikakaribishwa vizuri, nikanyweshwa kahawa, nikaambiwa nitajibiwa kabla ya wiki kwisha. Wiki kumi na moja zimepita. Kufuli bado lipo mlangoni, na daftari ambamo watoto wa chama waliandika kazi zao bado limo kabatini mwa ofisi. Wazazi wananiuliza dukani, na kila anayeuliza amesikia kisa chake. Ndiyo maana leo naandika hadharani.

Wengi wenu mmenizidi umri, na mmoja wenu ndiye aliyenifundisha kusoma. Sina nia ya kumvunjia mtu heshima. Nataka mambo yaelezwe kama yalivyokuwa.

Chumba kile kina kompyuta nane. Tatu zimekufa kabisa. Tano zinawaka kwa sababu tunazibembeleza: hewa ya bahari huacha chumvi kwenye meno ya memori, kile kipande kinachoshika kazi ambayo kompyuta inaifanya wakati huo, mashine ikakataa kuwaka na kubaki ikilia pii, pii, pii. Dawa yake ni kuchomoa kile kipande, kusugua meno yake kwa ufutio wa penseli mpaka yang'ae, kupuliza vumbi na kukirudisha. Watoto wote wa chama wanaijua kazi hiyo, na mtoto mdogo kuliko wote ndiye mwenye mkono mwepesi kuliko wote. Mashine yetu yenye nguvu ina memori ya gigabaiti 2. Ile dhaifu ina megabaiti 512, robo ya hiyo. Ukiweka humo gemu ya kutembea mjini, miti huchomoza ghafla hatua chache mbele yako, nyumba huja bila milango, milango ikafuata baadaye.

Jumamosi moja msichana wa Gredi ya 8 alikuwa akitazama mti ulioibuka namna hiyo. Akageuka akaniuliza: "Fundi, na sisi je? Tungejuaje kama ufuo wetu pia unachorwa tukiufikia?"

Nikasimamisha somo. Nikaandika ubaoni: Kama dunia ingekuwa programu inayoendeshwa na kompyuta yenye memori ndogo, kama hizi zetu, tungeona hitilafu gani?

Swali hilo ndilo lililofunga chumba. Malalamiko yangu ni haya.

1. Tulihukumiwa bila kusikilizwa. Chumba kilifungwa Jumatatu, mimi nikapata habari Jumamosi nilipokuta watoto kumi na tisa wamesimama juani. Hakuna aliyeniita wala aliyewauliza watoto. Daftari lilichukuliwa kama kidhibiti cha kesi, na nina hakika halijasomwa, kwa kuwa lingesomwa barua hii isingehitajika.

2. Tumesingiziwa kwamba tunawafundisha watoto dunia ni uongo. Hapa naomba mnivumilie, nitasema kwa urefu.

Wazo lenyewe halikuzaliwa Malindi. Mwaka 2003 mwanafalsafa Nick Bostrom, Mswidi aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, aliandika kwamba katika mambo matatu angalau moja lazima liwe kweli: ama viumbe kama sisi hutoweka kabla ya kufikia uwezo wa kuigiza dunia nzima ndani ya kompyuta, ama wanaoufikia hawana hamu ya kufanya hivyo, ama sisi wenyewe, kwa hakika kubwa, tumo ndani ya mojawapo ya dunia hizo. Hakudai kwamba la tatu ndilo. Nami sikudai. Niliwaambia watoto: hatuulizi kama ni kweli, tunauliza tungeona nini, kisha tunakwenda kutazama.

Siku ya kwanza walijaza ubao. Kwamba umeme ukipotea huko juu sote tungeganda. Kwamba mchana mrefu wa Ramadhani ni mashine imechoka. Nikatoa simu nikawaonyesha video fupi niliyoichukua pwani, mvuvi anarusha kimia. Nikagusa skrini. Kimia kikasimama hewani, kimetanda kama mwavuli, na matone ya maji yananing'inia chini yake. Tukaenda tukanywa maji, tukarudi, tukazungumza mambo mengine. Nikagusa tena, kimia kikaanguka majini. Nikauliza: mvuvi alingoja muda gani? Kimya. Kisha yule msichana akasema, "Hakungoja. Kwake hakuna kilichotokea. Hata sisi tukisimamishwa miaka mia, hatutajua."

Waheshimiwa, mtoto wa miaka kumi na tatu alifika hapo peke yake. Mashine ikienda polepole, aliye ndani hupunguza mwendo pamoja nayo, fikira zake zikiwemo. Kwa hivyo kuchelewa si ushahidi wa chochote. Watoto wenyewe walichukua chaki wakafuta nusu ya ubao, na hawakununa.

Yakabaki mambo ambayo aliye ndani angeweza kuyaona. La kwanza ni kuchorwa kwa kuchelewa, kama miti ya gemu. Tulikwenda ufuoni alfajiri kungoja mashua zinazorudi kutoka kuvua. Kama mashine ingekuwa inabana memori, mashua ingeibuka nzima kwa ghafla, au ingekuja kama kivimbe kisicho na umbo kisha ikajazwa. Tulihesabu mashua kumi na nne. Za matanga zilianza kwa ncha ya foromali, ule mti unaobeba tanga, likafuata tanga lenyewe, na mwili wa chombo ukaja mwisho, ukipanda taratibu kama mtu anayepanda ngazi. Kila mvuvi analijua hilo, lakini watoto walikuwa hawajawahi kuliandika. Tukapiga hesabu: macho yakiwa mita 2 juu ya maji, upeo uko kama kilomita 5, kwa sababu dunia ni duara. Hapo somo la jiografia walilolikariri darasani likawaingia machoni.

La pili ni kurudia. Mwenye memori ndogo huchora kitu kimoja akakibandika mara elfu. Mtoto mmoja akaleta leso ya mama yake, akaonyesha jinsi ua la pindo linavyorudi lile lile pande zote nne. "Ingekuwa hivi," akasema. Basi tukakusanya majani ya mwarobaini 240 tukayapanga mezani na kuyalinganisha mawili mawili. Hayakupatikana majani mawili yanayolingana: hili lina meno tisa, lile kumi na moja, hili mdudu kalitoboa. Lakini sikuwaficha kwamba ukishuka chini kabisa, kurudia kupo. Elektroni, vile vijipande vidogo vya umeme vilivyomo ndani ya kila kitu, zote za ulimwengu zinafanana bila tofauti hata chembe, zile za jani na zile za jua. Mwenye leso alifurahi sana kusikia hivyo. Hoja yake iliandikwa daftarini kwa wino mwekundu, kama hoja iliyosimama.

La tatu ni namba. Kompyuta huhifadhi namba katika nafasi yenye kipimo, na kipimo kikijaa mambo huharibika. Watoto wanaijua mita ya tuktuk ya zamani: ikifika 99,999 inarudi sifuri kama gari jipya. Niliwaeleza juu ya gemu ya Pac-Man ya mwaka 1980, ambayo hatua ya 256 nusu ya skrini yake hugeuka takataka, kwa kuwa baiti moja, yaani biti nane, nafasi nane za sifuri au moja, hubeba namba mwisho 255. Niliwaeleza kwamba mashine nyingi za kale huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwaka 1970, na kwamba nafasi yake ya biti 32 itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi kwa saa za hapa kwetu. Na niliwaeleza la msiba, maana fundi lazima ajue kosa dogo linavyoua: mwaka 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, wakati wa Vita vya Ghuba, mtambo wa kuzuia makombora ulikuwa umewashwa saa 100 mfululizo. Saa yake ilihesabu kwa vipande vya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na sehemu ya kumi haiandikiki sawasawa kwa hesabu ya sifuri na moja. Kila mara ilikosea kidogo mno. Baada ya saa 100 kosa lilikuwa sekunde 0.34. Kombora likapita. Wanajeshi 28 wa Marekani walikufa.

Wakauliza dunia inakosea wapi. Mmoja akasema mwendo wa mwanga, mita 299,792,458 kwa sekunde na hakuna kinachoruhusiwa kuupita, unafanana na spidi gavana ya matatu. Sikumkatalia wala sikumkubalia. Nikawaambia kwamba mwaka 2012 wanafizikia Silas Beane, Zohreh Davoudi na Martin Savage walipiga hesabu ya namna ya kupima: kama anga imepangwa kwa miraba kama karatasi ya grafu, basi miale ya kosmiki, chembe zinazotujia kwa kasi kutoka angani, ile yenye nguvu kubwa kabisa isingetujia kwa usawa kutoka pande zote, ingependelea mistari ya ile miraba. Mtoto mmoja aliyekaa chini akapitisha kidole kwenye mkeka, akasema ndiyo, kinateleza ukifuata ukili, ule msuko wa mkeka, na kinakwaruza ukiukata. Mpaka leo sijasikia mfano mzuri kuliko huo kutoka kwa mtu yeyote.

Na mwisho niliwapa jambo linalonifanya mimi binafsi niwe na shaka na dunia ya kompyuta masikini. Vitu vidogo kabisa, chembe, huweza kuwa katika hali mbili zilizochanganyika kwa pamoja, na zikiunganika hali hizo huzidishana. Kuziandika kikamilifu hali za chembe 300 tu kunahitaji namba nyingi kuliko atomi zote za ulimwengu tunaoweza kuuona. Watu husema chembe hizo ni ushahidi kwamba dunia inabana matumizi, kwamba haichorwi mpaka itazamwe. Naona ni kinyume. Mwenye memori ndogo asingejenga kwa vifaa vya gharama hiyo. Nani anayebana pesa akanunua mvule kujengea kibanda cha kuku?

Hayo ndiyo tuliyofundisha. Nani hapo aliambiwa dunia ni uongo?

3. Tumelaumiwa kwa upande wa dini. Hili limeniuma, na nitalieleza bila kuficha kosa langu. Ni kweli mtoto mmoja alirudi nyumbani akasema Mungu ni fundi wa kompyuta. Sikumfundisha hivyo, lakini ilikuwa juu yangu kuhakikisha haelewi hivyo. Nilikwenda kwa mama yake nikamwomba radhi, akanipa chai, akaniambia hana kinyongo. Jumamosi iliyofuata nilianza kwa kuwaambia watoto wote kwamba mfano ni mfano.

Hata hivyo nawaomba wanabodi msiwape watoto picha kwamba imani inaogopa swali. Nilimuuliza shehe wa mtaani kwetu, naye akanikumbusha Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, na mfano wake wa pamba na moto: kwamba pamba ikigusa moto tunaona kuungua pamoja na kugusa, wala hatuoni kwamba moto ndio uliolazimisha; anayeumba kuungua ni Mwenyezi Mungu. Wanazuoni wa Kiashari, madhehebu ya elimu ya itikadi aliyoifuata Ghazali, walifundisha kwamba sifa za vitu hazidumu nyakati mbili, kwamba zinaumbwa upya kila wakati. Watu hao walikaa na swali la nini kinaishikilia dunia kati ya dakika hii na ijayo, karne nyingi kabla ya kompyuta, na hawakuliogopa. Watoto wa Kikristo katika chama nao walimuuliza mchungaji wao, akawaambia waendelee kuuliza. Sijui kwa nini sisi watu wazima wa Bodi na wa chama tushindwe.

4. Imesemwa hatufuati silabasi. Mtaala wa umilisi umeutaja ujuzi wa kidijitali, umetaja kufikiri kwa kina na kutatua matatizo, umetaja ubunifu. Nimewafundisha baiti, biti, memori, upeo wa macho na hesabu za sehemu. Kama hayo hayamo, nionyesheni yaliyomo.

5. Imesemwa, na aliyesema yuko miongoni mwenu, kwamba "hayo ni maswali ya Wazungu walioshiba, mtoto wa hapa afundishwe kuchapa barua apate kazi." Hili nalijibu kwa moyo wangu wote.

Kwanza, kuchapa tunafundisha. Pili, hakuna anayelielewa swali hili kuliko mtoto wa hapa. Mwenye kompyuta ya gigabaiti 32 hajui programu inavyobana matumizi, kwa sababu kwake haibani. Hawa watoto wangu wanaona kila Jumamosi mashine inachagua cha kuacha. Na nyumbani wanaona hivyo hivyo: taa ya chumba kisicho na mtu inazimwa, na nazi ya pili haikunwi mpaka mgeni abishe hodi. Nilipowaeleza kwamba programu yenye akili haichori chumba ambacho hakuna aliyeingia, nusu ya darasa ilisema "kama mama". Niliwasimulia kompyuta ya Apollo 11, chombo cha Wamarekani kilichoshuka mwezini tarehe 20 Julai 1969. Memori yake ya kuandika na kufuta ilikuwa maneno 2,048 tu, na neno moja ni biti 16. Ikizidiwa na kazi katikati ya kushuka, ikatoa onyo namba 1202, ikaacha kazi nyepesi, ikaishika ile ya kutua, watu wakatua salama. Watoto walishangilia kana kwamba ni timu ya mtaa. Mashine yenye memori ndogo kuliko hata ile ya kwetu inayolia pii!

Tatu, anga si mali ya walioshiba. Kaskazini mwa mji wetu, baharini mkabala na Ngomeni, kuna jukwaa la San Marco. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kutazama eksirei za angani, miale ya aina ile inayopiga picha za mifupa hospitalini. Ilitimu siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Setilaiti ilikuwa ya Wamarekani na jukwaa la Waitaliano, nakubali. Chetu kilikuwa bahari na jina. Lakini orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei, na mpaka leo wataalamu huviita kwa herufi U ya Uhuru. Watoto kumi na tisa wa Malindi hawakulijua hilo mpaka Jumamosi ile. Wanapita njia ya Ngomeni wakienda kwa bibi zao.

6. Mmekatiza kazi mahali ambapo ilikuwa imefika pazuri, na hili ndilo linalonikosesha usingizi.

Katika wiki za mwisho mtoto mmoja alisema amepata hitilafu ya kweli: usiku rangi hupotea. Leso nyekundu huwa nyeusi, na majani huwa kijivu. Akasema hapo mashine inaacha kazi ya rangi ili iokoe memori, kama Apollo. Ilikuwa hoja nzuri kuliko zote, na jibu lake ni la ajabu. Rangi haikuacha kuwepo. Ni jicho letu. Jicho lina vihisi vya aina mbili, vya rangi, vinavyohitaji mwanga mwingi, na vya gizani, visivyojua rangi. Mwanga ukipungua, jicho linaacha rangi, linashika umbo.

Nikawagawia karatasi. Chora msalaba kushoto na nukta kulia, sentimita 8 kati yao. Funga jicho la kushoto, tazama msalaba kwa jicho la kulia, kisha ilete karatasi karibu polepole. Chumba kikanyamaza. Nikaona karatasi kumi na tisa zinasogea mbele ya nyuso kumi na tisa. Kisha mmoja akapiga kelele, "Fundi, imekwenda!" Halafu mwingine, halafu wote. Nukta ilikuwa imetoweka, na mahali pake pamebaki karatasi nyeupe safi, bila shimo wala kivuli. Pale nyuma ya jicho ambapo mshipa wa kuona unatokea hapana vihisi, na ubongo unapajaza kwa kukisia. Kila mmoja wetu ana shimo hilo katika kila jicho tangu azaliwe. Yule msichana aliyeanzisha swali alichora mstari juu ya nukta, akajaribu tena, akakuta nukta imekwenda lakini mstari umepita mzima. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Kumbe kompyuta yenye memori ndogo ni sisi."

Tulikuwa tumeanza kupima. Kila mtoto alikuwa na ukurasa wake: umbali wa karatasi nukta inapopotea, umbali inaporudi, jicho la kulia, jicho la kushoto. Watoto saba walikuwa wamemaliza. Kumi na wawili walikuwa waje Jumamosi iliyofuata. Hiyo ndiyo Jumamosi waliyosimama juani.

Najua mtasema tokeni za umeme ni ghali. Tulikuwa tunatumia kompyuta tano kwa saa tatu kwa wiki, na nimekwisha kuahidi kwa maandishi kununua tokeni za saa hizo mwenyewe. Mtasema usalama wa vifaa: tangu nianze hakijapotea kitu, hata kebo, na mashine zikifungiwa bila kuwashwa katika hewa yetu hii ndizo zinazokufa. Wiki kumi na moja zinatosha kwa kutu. Kila siku inayopita inakula tano zilizobaki. Mtasema kuna wazazi walalamikaji. Waiteni, na mimi niiteni, tukae mkekani tuzungumze. Na kama ni mimi nisiyetakiwa, semeni. Nitampa ufunguo na vitabu mwalimu yeyote mtakayemteua, nitamfundisha kazi ya ufutio, nami nitakaa mbali. Msiwafungie watoto kwa sababu yangu.

Ninayoomba ni haya:

(a) Chumba kifunguliwe Jumamosi kama zamani, kabla ya muhula huu kwisha.

(b) Daftari lirudishwe kwa watoto, likiwa zima. Ni la kurasa 96, jalada la kijani, limeandikwa kwa mikono kumi na tisa tofauti. Halina nakala.

(c) Kabla ya kurudishwa, lisomwe mbele ya kikao cha Bodi, na watoto wawili waalikwe kueleza yaliyomo. Nawapendekeza aliyeleta leso na aliyeuliza swali.

(d) Nijibiwe kwa maandishi, hata kama jibu ni la kukataa, ili nijue la kuwaambia wazazi.

(e) Kila mwanabodi achukue karatasi, achore msalaba na nukta, afumbe jicho la kushoto, afanye kama nilivyoeleza. Itachukua dakika moja.

Mtakapolifungua daftari, tazameni ukurasa wa 41. Juu pameandikwa majina ya watoto kumi na wawili, na mbele ya kila jina pana nafasi mbili tupu, moja ya jicho la kulia, nyingine ya kushoto. Hizo ndizo zinazosubiri kujazwa.

Wenu katika kuwatumikia watoto,

Fundi wa kujitolea, Chama cha Kompyuta cha Jumamosi
Malindi

(Jina langu na nambari ya simu zimo katika barua tatu mlizo nazo.)